Msimu mzima wa kwateti umepewa mada ya "Usiku". Mada inatufungua masikio au inatuziba?

#1 Nyuzi Nne
Salaam wakuu.

Kuna kwateti moja ya nyuzi (fidla mbili, viola ambayo ni fidla kubwa kidogo, na selo), jina kapuni, imetangaza msimu mzima wa muziki wa chemba (wa vikundi vidogo) wa sasa chini ya neno moja: Usiku. Maonyesho matano. Nimeshakwenda mawili, na nimerudi na kitu kinanikera. Nimeona nikilete hapa kabla hakijanipasua.

Onyesho la kwanza walipiga Kwateti Na. 8 ya Shostakovich, mtunzi wa Kisovieti. Kabla ya kuanza, mpiga viola akashika kipaza sauti akatuambia: ikifika sehemu ya nne mtasikia mapigo matatu mazito, ngo ngo ngo. Hao ni polisi wa siri wanagonga mlango usiku wa manane. Akakaa, wakaanza.

Jamani, tangu hapo sikusikia muziki, nilisikia mlango. Sehemu ya pili inakimbia kama mtu aliyefumaniwa, mimi nasubiri mlango. Ya tatu wanapiga ile waltz ya kejeli, nasubiri mlango. Nyumbani nimetafuta rekodi tatu za watu wengine kabisa, mlango uko palepale.

Sasa nauliza. Huo mlango upo kweli, au tumebandikiwa kwa sababu msimu unaitwa Usiku? Na hizi mada zinawekwa kwa faida ya nani hasa: sisi tunaosikiliza, wao wanaopiga, au yule anayeuza tiketi? Wajuvi karibuni.

#2 Siti ya Nyuma
Nimeona "muziki wa chemba" nikasoma "muziki wa chumbani", nikaja mbio. Kumbe mambo ya fidla. Haya, nimeshakaa, siondoki.

#3 Mzee wa Selo
Nyuzi Nne, mapigo hayo yana maelezo zaidi ya moja na kila moja lina wenyewe.

Kwateti hiyo iliandikwa kwa siku tatu tu, 12 hadi 14 Julai 1960, huko Gohrisch karibu na Dresden, Ujerumani. Shostakovich alikuwa ametumwa kutunga muziki wa filamu kuhusu Dresden, mji uliochakazwa kwa mabomu. Akaandika kwateti badala yake, na juu yake akaweka wakfu kwa wahanga wa ufashisti na vita. Kwa hiyo wapo wanaosema ile sauti ndefu ya fidla ni ndege inayonguruma angani, na mapigo ni mizinga au mabomu. Hakuna mlango hapo.

Halafu wapo wa mlango, kama huyo mpiga viola wenu.

Halafu kuna barua. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Isaak Glikman kwamba akifa, hadhani kama kuna mtu atamtungia kazi ya kumkumbuka, basi ameamua kujitungia mwenyewe. Na kweli kwateti nzima imejaa nota nne zinazoandika jina lake kwa herufi za Kijerumani: D, S, C, H. Ukilisikia hilo, mapigo yanaweza kuwa ya misumari ya jeneza. Wewe chagua.

#4 Fundi Nota
Fungueni nota basi. Hamna neno mlango, hamna ndege, hamna jeneza. Kuna fidla ya kwanza inashikilia sauti moja, wenzake watatu wanapiga kwa nguvu, basi. Sehemu tano zinaunganishwa bila kupumzika, na baada ya ile ya tatu kufifia unahitaji kitu cha kumshtua msikilizaji. Hiyo ni kazi ya mtunzi mzoefu. Kila mtu anakuja na mlango wake kutoka kwake.

#5 Nyuzi Nne
@Fundi Nota sasa mimi wa kwangu nilipewa ukumbini, sikuja nao. Ndiyo malalamiko yangu hayo.

#6 Dada Ratiba
Niwachekeshe kidogo. Nimefanya kazi ya kupanga ratiba za kwateti moja kwa miaka kadhaa, na siri ni kwamba mada huja MWISHO.

Inavyokwenda ni hivi. Kwanza kuna kazi ambazo wapigaji tayari wanazijua, maana kujifunza kwateti ngumu ya kisasa kunakula miezi. Hizo lazima zirudiwe, la sivyo jasho limepotea. Pili kuna kazi mpya waliyoiagiza kwa mtunzi, na tarehe yake haihami. Tatu kuna nota ambazo lazima zikodiwe kwa mchapishaji, nyingine unaziacha kwa sababu hiyo tu. Ukishachuja unabaki na tungo nane au tisa zisizojuana. Hapo ndipo tunakaa mezani mtu anauliza: hizi zinafanana nini? Mwaka mmoja tulikaa hadi tukagombana. Jibu likawa "Maji". Ndani yake kulikuwa na tungo mbili za maji na saba zilizoloweshwa kwa nguvu.

Ila kwa ninyi wa Usiku naona wamejitahidi. Hebu weka ratiba yote.

#7 Siti ya Nyuma
"Saba zilizoloweshwa kwa nguvu" 😂😂 dada umeua

#8 Nyuzi Nne
Ratiba hii hapa:
La kwanza, Bartók Na. 4 na Shostakovich Na. 8.
La pili, Ligeti Na. 1 na Black Angels ya George Crumb.
La tatu, Ainsi la nuit ya Dutilleux na kazi mpya ya mtunzi kijana.
La nne, Kwateti Na. 3 ya Georg Friedrich Haas, peke yake, gizani. Wameandika "giza totoro", sijui wanatisha watu.
La tano bado, wanasema "itatangazwa".

#9 Tarumbeta Baridi
Muziki wa SASA? Bartók kafa 1945. Shostakovich 1975. Ligeti 2006. Dutilleux 2013. Crumb 2022. Ukimtoa huyo kijana, aliye hai hapo ni Haas pekee. Huo si msimu wa usiku, ni msimu wa makaburini.

#10 Mpita Njia
Na hamna mwanamke hata mmoja. Saariaho ana Nymphéa ya 1987, kwateti na vyombo vya elektroniki. Gubaidulina ana kwateti nne. Caroline Shaw yupo hai na anaandika. Usiku una wanaume tu?

#11 Dada Ratiba
@Mpita Njia hapo umegusa penyewe. Mada ikiwa pana kama "Usiku" huna kisingizio. Mfano mzuri ni wa Kronos, kwateti ya Marekani: mwaka 2015 walianza mradi wa kuagiza kazi 50 kwa ajili ya wapigaji wanaojifunza, na wakajifunga mapema kwamba kila mwaka watunzi kumi, wanawake watano na wanaume watano. Nota zake wakazitoa bure mtandaoni. Hakuna habari ya maji wala usiku. Uzi ulioshona kazi zote ni nani anaandika na nani atapiga.

#12 Viola Kimya
Naomba nimtetee mwenzangu wa kipaza sauti kidogo, mimi pia ni mpiga viola.

Mnaongea kama mada ni ya karatasi ya tangazo tu. Kwetu sisi mada ni mazoezi. Chukueni hiyo hiyo Usiku. Sehemu ya kati ya Bartók Na. 4, selo inaimba peke yake na sisi wengine tumeshikilia sauti iliyotulia tuli, halafu vinaanza vile vilio vidogo kama wadudu na ndege. Ligeti anataka minong'ono isiyo na mwili. Crumb ana wadudu wa umeme kabisa, ndivyo alivyoiita sehemu ya kwanza. Kote huko unafanya kazi moja: kupeleka upinde karibu na kidaraja, kile kibao kinachonyanyua nyuzi, mpaka sauti inakuwa ya kioo, au kugusa uzi bila kuukandamiza ili itoke ile filimbi. Ukishaipata kwa Bartók, kwa Ligeti unaanzia mbele. Msimu wenye mada unakufanya mkono ukae katika nchi moja kwa miezi kumi. Msikilizaji huenda asijue, ila anasikia kwateti iliyotulia.

Kuhusu kipaza sauti sina utetezi.

#13 Tarumbeta Baridi
Mpiga viola akipewa kipaza sauti hakirudishi. Ndiyo nafasi pekee ya kusikika.

#14 Viola Kimya
Nilijua utakuja tu wewe.

#15 Fundi Nota
@Viola Kimya nakubali la mkono. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna usiku uliomo ndani ya kazi na usiku uliobandikwa. Ligeti mwenyewe aliandika "Métamorphoses nocturnes" (mageuzi ya usiku), Dutilleux mwenyewe aliandika "Ainsi la nuit" (hivyo usiku). Hao hawakubandikiwa. Bartók Na. 4 ya mwaka 1928 haina neno usiku popote. Aliyaita "muziki wa usiku" kwenye kipande kimoja cha piano cha 1926, watu wakasikia wadudu walewale kwenye kwateti wakahamishia jina. Ni uhamisho wa haki, masikio yanaukubali. Shostakovich sasa, huyo ndiye kaburutwa.

#16 Mpita Njia
Kwa nini Ligeti aite "za usiku" wakati kuna vurugu na vichekesho humo? Mimi nadhani ni kwa sababu aliiandika kwa siri. 1953 na 1954 yuko Hungaria, anajua haitapigwa, anaweka kwenye droo. Ilikuja kusikika Vienna 1958 baada ya yeye kutoroka. Usiku ni siasa hapo.

#17 Mzee wa Selo
Tarehe ziko sawa. Hitimisho ni lako. Inawezekana ni heshima kwa Bartók tu. Wakati ule kwateti za Bartók Na. 3 na Na. 4 hazikuruhusiwa kupigwa kwao, Ligeti akazijua kwa kusoma nota. Fikiria unaujua muziki wa mtu kwa macho tu, masikio hayajawahi kuonja, kisha unakaa kuandika wa kwako. Huo nao ni usiku wa aina yake. Au labda lilikuwa jina zuri tu, watunzi nao ni watu.

#18 Kinubi cha Jirani
Wakuu mmesahau ile kwateti ya Messiaen, ya mwisho wa nyakati. Ile ndiyo ingefungua msimu. Imetungwa kwenye kambi ya wafungwa wa vita, selo ina nyuzi tatu, mbele ya wafungwa 5,000 kwenye baridi. Usiku gani tena zaidi ya huo?

#19 Fundi Nota
Marekebisho matatu. Kwanza, si kwateti ya nyuzi: ni klarineti, fidla, selo na piano. Hawa jamaa wangelazimika kuwaacha wawili nyumbani na kuazima wawili. Pili, selo ilikuwa na nyuzi nne. Étienne Pasquier, aliyeipiga siku ile ya 15 Januari 1941, alisema hivyo mwenyewe. Ya nyuzi tatu ni ya Messiaen, ambaye aliipenda hadithi hiyo. Tatu, watu 5,000 pia ni hesabu ya Messiaen. Walikuwa mamia.

#20 Kinubi cha Jirani
Kumbe hata mtunzi mwenyewe anabandika! Ahsante mkuu. Basi Shostakovich akifufuka naye anaweza kutuambia mlango, tusimwamini.

#21 Nyuzi Nne
@Kinubi cha Jirani hii imenipa usingizi mzuri leo 😂

#22 Bi Kipenga
Nimesoma wote, hakuna aliyegusa lililonitoa machozi ya kicheko. Nyuzi Nne, onyesho la pili ulikuwepo? Kwenye Black Angels hukusikia kitu?

Mimi niliwahi kuisikia kwateti nyingine ikiipiga. Nimekaa zangu, mara wapigaji wanaanza kuhesabu kwa sauti, Kijerumani, nikasema sawa. Kifaransa, sawa. Mara nasikia Kiswahili. KISWAHILI. Kwa matamshi ya mtu aliyejifunza neno lile jioni ileile kutoka kwenye karatasi. Nilishtuka nikamgeukia jirani yangu kama vile nimeitwa jina.

#23 Nyuzi Nne
Bi Kipenga!! Nilisikia nikadhani ni akili yangu! Nilikuwa bado nasubiri mlango.

#24 Siti ya Nyuma
Acheni utani. Kwateti ya Kizungu inahesabu Kiswahili?

#25 Mzee wa Selo
Si utani. Crumb alisema mwenyewe kwenye maelezo yake: kuna kuhesabu kama kwa ibada, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria, Kijapani na Kiswahili. Kazi nzima imejengwa juu ya 7 na 13. Picha kumi na tatu za nchi ya giza, na nota ameziandikia tarehe Ijumaa 13 Machi 1970, "wakati wa vita". Vyombo vimewekwa vipaza sauti, wapigaji wanashika pia maraka na matamtamu (zile sahani kubwa za shaba za kugonga), na kuna mahali wanapitisha pinde kwenye glasi zenye maji huku selo ikiimba juu yake. Ukiipata katika ukumbi mzuri, nywele zinasimama.

#26 Siti ya Nyuma
Kwa nini Kiswahili lakini?

#27 Mpita Njia
Vita vya Vietnam, alitaka dunia nzima ihesabu wafu.

#28 Fundi Nota
Au alitaka sauti ngeni tu kwa masikio ya hadhira yake, namba zigeuke uganga. Kwa mtu asiyejua lugha, kuhesabu ni mantra. Kwa Bi Kipenga ni hesabu tu. Kazi ileile, watu wawili, usiku mmoja umeingia na mwingine umekataa kuingia.

#29 Bi Kipenga
Kabisa. Wenzangu wote ukumbini waliogopa pale. Mimi nilitaka kumrekebisha matamshi.

#30 Viola Kimya
Naungama: nimewahi kuipiga na ile hesabu nilimwachia mwenzangu, na yeye hakuuliza mtu inatamkwaje. Nitakufa na aibu hiyo.

#31 Tarumbeta Baridi
Ndiyo maana nilisema viola na kipaza sauti vitenganishwe.

#32 Mzee wa Selo
Kwa faida ya wageni: Black Angels ndiyo iliyomfanya David Harrington aanzishe Kronos mwaka 1973. Aliisikia redioni. Hakukuwa na mpiga viola wa kumweleza ni usiku wala ni nini.

#33 Dada Ratiba
Mmetaja Kronos, basi tuiongelee ile albamu yao ya 1992, Pieces of Africa, maana nayo ni mada: bara zima kwenye kifuko kimoja. Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Morocco, Foday Musa Suso wa Gambia, Hamza El Din wa Sudan, Obo Addy wa Ghana, Justinian Tamusuza wa Uganda, Kevin Volans wa Afrika Kusini. Nikiwa kwenye kiti cha kupanga ratiba naipigia saluti, iliuza. Nikiwa msikilizaji najiuliza: El Din na Volans wana uhusiano gani zaidi ya ramani? Mmoja anazungusha gurudumu la maji la Nubia polepole mpaka unasahau saa, mwingine kachukua kazi aliyoiandikia vinanda viwili vya zamani vya harpsikodi, viola da gamba na vyombo vya kugonga akaigeuza kwateti.

#34 Bi Kipenga
Dada, bila kifuko hicho mimi nisingemjua Tamusuza. Nilinunua kwa ajili ya jina la albamu, nikabaki kwa ajili yake yeye. Zile nyuzi anazifanya ziruke kama amadinda, ile marimba ya Uganda, mikono inapishana, kila mmoja anaingia kwenye tundu la mwenzake. Mada ilinifikisha mlangoni, kisha nikaisahau.

#35 Nyuzi Nne
Mlango tena 😭

#36 Fundi Nota
@Dada Ratiba lakini huo si usiku wa kubandika, watunzi wengi hapo walifanya kazi na kwateti yenyewe. Wewe mwenyewe juzi ulisifu mada inayouliza "nani anaandika".

#37 Dada Ratiba
Nilisifu, na leo nina wasiwasi. Ruksa kubadilika.

#38 Kinubi cha Jirani
Kama mada inasumbua hivi, kwa nini wasitangaze chochote? Watu waje tu.

#39 Mzee wa Selo
Ilishafanyika. Mtunzi Schoenberg na wenzake waliunda chama cha kupiga muziki mpya faraghani, Vienna, kuanzia 1918. Kanuni zake: wanachama tu ndio wanaingia, wahakiki hawaruhusiwi, kinachopigwa hakitajwi mapema, makofi marufuku, na kazi ngumu inarudiwa mara kadhaa. Hakuna mada, hakuna jina la kukuvuta, huwezi kuja kwa ajili ya mtu unayempenda ukamkwepa usiyempenda. Chama kilikufa 1921, fedha ziliisha.

#40 Dada Ratiba
"Fedha ziliisha." Naomba sentensi hiyo ibandikwe juu ya uzi.

#41 Viola Kimya
Lile la kurudia ndilo ninalolitamani. Msimu wenye mada ungeweza kufanya hivyo: kazi moja mpya, ipigwe mwanzo wa onyesho na mwisho wa onyesho, katikati kitu kingine. Tulijaribu mara moja. Mara ya kwanza watu walikohoa, mara ya pili walinyamaza. Sijui ni kuelewa au ni kuchoka.

#42 Tarumbeta Baridi
Ni kuchoka. Kama ni usiku wapige Kwateti Na. 2 ya Morton Feldman, inachukua karibu saa sita nzima, ukitoka jua limechomoza. Mada imejitimiza yenyewe, hakuna haja ya maelezo.

#43 Siti ya Nyuma
Saa sita za fidla?? Na kwenda msalani je?

#44 Tarumbeta Baridi
Hilo waulize wapigaji. Wewe angalau unaweza kutoka.

#45 Kinubi cha Jirani
Na ile ya helikopta? Nasikia wapigaji walipanda helikopta wakapiga juu ya uwanja watu wakisikiliza chini.

#46 Fundi Nota
Nusu kweli. Ni kazi ya mtunzi Stockhausen, Amsterdam, 26 Juni 1995, Kwateti ya Arditti. Kila mpigaji na helikopta yake, zinazunguka angani, wanasikilizana kwa vipokea sauti. Hadhira haikuwa uwanjani inatazama juu: ilikuwa ukumbini, picha na sauti zinaletwa chini, mapanga ya helikopta yanachanganywa na nyuzi. Na ilikuwa mchana, kwa hiyo haitusaidii.

#47 Mpita Njia
Ungeniambia "mada: Mapanga" ningenunua tiketi ya msimu mzima.

#48 Nyuzi Nne
Tarudi wakuu. Wiki ijayo ni la nne, la gizani. Aliyewahi kuingia anipe mwongozo, nina hofu kidogo.

#49 Bi Kipenga
Nimeingia mara moja. Walizima taa kwanza kwa muda mfupi wa majaribio ili asiyeweza atoke bila aibu. Walitoka wawili. Kisha giza lenyewe, hata taa za milango walizifunika. Usivae saa inayowaka. Wapigaji wako pembe nne, wewe uko katikati, na hutajua kama macho yako yamefunguka au yamefumba.

#50 Mzee wa Selo
Ongeza hili: hawasomi nota, hawawezi. Wameshika kichwani orodha ya hali za sauti. Mmoja anatoa mwaliko kutoka pembe yake, wengine wanaupokea au wanaukataa kwa kuendelea na mambo yao. Kwa hiyo urefu haujulikani, mtunzi anadai angalau dakika 35 na mara nyingi inapita hapo. Mahali fulani wataibua kipande cha Gesualdo, mtunzi wa Italia, sauti ya karne nyingi nyuma, inatoka kwenye ukungu na kurudi. Jina la kazi, "In iij. Noct.", linatoka kwenye ile ibada ya Kikatoliki ya kuzima mishumaa mmoja mmoja. Fundi Nota, hapa usiku umebandikwa au umo ndani?

#51 Fundi Nota
Umo ndani mpaka kwenye swichi ya ukuta. Nimesalimu amri.

#52 Viola Kimya
Mimi nadhani hata huu umebandikwa. Tumewahi kufanya mazoezi ya kazi hiyo taa zikiwa zinawaka, mwanzoni, na muziki ulikuwepo. Ulikuwa mzuri vilevile. Giza linawafanyia kazi ninyi, sisi tunahesabu tu na kuomba tusisahau.

#53 Dada Ratiba
Hili sikulitegemea kutoka kwa mpiga viola.

#54 Nyuzi Nne
MREJESHO.

Nimetoka sasa hivi, naandika nikiwa nje.

La tatu kwanza, nilisahau kuwaambia. Dutilleux ilinipita kama ndoto, vipande vinakumbushana, kitu unachokisikia mapema kinarudi baadaye ukiwa hujui ulikisikia wapi. Yule mtunzi kijana alisimama akasema kwa uso mkavu kwamba kazi yake haihusu usiku, inahusu dada yake kujifunza kuendesha baiskeli. Ukumbi ulicheka, wapigaji wakatazamana. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Dada Ratiba, nilikukumbuka.

Leo sasa, giza. Majaribio yalikuwa kama alivyosema Bi Kipenga. Kisha wakaanza. Kwa muda sikujua nani yuko wapi. Selo ilikuwa mgongoni kwangu, baadaye nikaapa imehama. Nilisahau Shostakovich, nilisahau msimu, nilisahau uzi huu. Gesualdo alipotokea nilishika kiti.

Halafu, wakuu, katikati ya ukimya kabisa, mlango wa ukumbi ukagongwa. Kuna mtu kachelewa, yuko nje, hajui kinachoendelea ndani. Kagonga. Mwili wote uliniisha nguvu.

#55 Siti ya Nyuma
HAPANA 😂😂😂

#56 Bi Kipenga
Nimecheka mpaka nimeamsha watu.

#57 Fundi Nota
Swali la kitaalamu: aligonga mara ngapi?

#58 Nyuzi Nne
Mbili.

#59 Fundi Nota
Basi si Shostakovich.

#60 Viola Kimya
Wapigaji walifanyaje? Hapo kuna mtu lazima aliupokea kama mwaliko.

#61 Nyuzi Nne
Sasa ndiyo umenikumbusha. Pembe ya kushoto kuna aliyejibu kwa kidole kwenye uzi, mara mbili. Sijui kama ilikuwa viola.

#62 Tarumbeta Baridi
Ilikuwa viola.